Tarumbeta Zilizovuka Mto Rusizi

Julai 4, Siku ya Ukombozi, bendi ya Jeshi la Ulinzi la Rwanda inapopiga na vikosi vinapoanza kukanyaga ardhi kwa mguu mmoja, watu wa wilaya ya Rusizi husikiliza kwa sikio lao la peke yao. Sisi tunakaa mlangoni mwa nchi. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, kusini kule Bugarama ni Burundi na Kongo kwa pamoja, na majeshi yaliyoingia Rwanda kutoka magharibi yameingilia hapa petu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo makala haya, ambayo ni kumbukumbu ya bendi za gwaride katika nchi zetu, nimeyaandika kutoka Kamembe, mji wa Rusizi. Bendi hizo ni taasisi isiyo na jengo moja wala tarehe moja ya kuzaliwa. Imepokezana sare, bendera na lugha za amri kwa zaidi ya miaka 100, lakini ukiitazama vizuri utaona ni ukoo mmoja.

Historia hii huanzishiwa pwani, na kwa haki kabisa. Mimi naianzia Shangi.

Shangi iko kando ya Ziwa Kivu, kaskazini ya Kamembe, siku hizi ndani ya wilaya ya Nyamasheke. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi pale, na ikulu ya Rwanda ikatuma jeshi kuwafukuza. Mwami Rwabugiri alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, lakini makamanda wake walikuwapo, na mmoja wao, Bisangwa, ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea nchi nzima, aliuawa kwenye mapigano hayo. Mikuki na pinde vilikutana na bunduki, na siku hiyo Wanyarwanda wakajua ni kitu gani kimeingia nchini.

Jambo ambalo watu husahau kulisema ni kwamba jeshi lile la mikuki lilikuwa na muziki wake wa kijeshi, tena uliokamilika. Vijana walilelewa katika itorero, shule ya jadi ya malezi, wakafundishwa kuruka kwa safu, kushika mkuki na ngao kwa mkao mmoja, na kengele za miguuni zililia pamoja au hazikulia kabisa. Ngoma za ikulu zilipigwa mwami alipoamka na zilipigwa tena alipokwenda kulala, kwa mipigo iliyojulikana na kila mtu aliyeishi jirani. Mtu aliyesikia ngoma za asubuhi alijua kwamba nchi ina mwenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba Mzungu ndiye aliyetuletea wazo la kuamsha na kulaza jeshi kwa muziki, hajasimuliwa habari za ikulu ya Nyanza. Alichotuletea ni shaba, na pamoja na shaba, amri za watu wengine.

Mwaka 1898 Wajerumani walikuja na kuweka kituo chao hapo hapo Shangi, chini ya Kapteni Bethe. Maafisa walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa askari Waafrika waliokuja nao kutoka pwani na bara la Tanganyika, na baadhi ya wakongwe wao walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo mwaka 1889, enzi za kamanda Mjerumani Wissmann. Watu hao walikuwa wamezoea jeshi la Misri na tarumbeta zake kabla hawajaiona Dar es Salaam. Walizungumza Kiswahili wao kwa wao na wenyeji waliokutana nao, ingawa amri za gwaride zilikuwa za Kijerumani. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyofika kwenye milima hii kikiwa kimevaa buti, kikafuatwa na wafanyabiashara na walimu wa dini, hadi kikawa lugha ya soko la Kamembe na la Bugarama. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya lugha rasmi. Kwa wazee wetu hilo lilikuwa ni serikali kuandika chini jambo lililokuwapo siku nyingi.

Huko pwani mambo ya muziki yalikuwa yamekwenda mbali zaidi. Zanzibar, Sultani Barghash alikuwa na bendi yake ya wanamuziki wa Goa. Karibu na Mombasa, Freretown, kijiji cha wamisheni kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, vijana walifundishwa kupiga vyombo vya shaba. Dar es Salaam, Wajerumani waliunda bendi ya askari Waafrika, na picha zake zipo hadi leo: wanaume waliosimama wima kwa kofia za tarabushi, tuba na tromboni vifuani, nyuso hazicheki. Na pale pembeni ya kiwanja, siku zote, walikuwapo watu wa mjini waliokuja kutazama. Hao watazamaji ndio ninaotaka kuwazungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndio walioichukua bendi ya gwaride mikononi mwa jeshi wakaifanya mali ya watu.

Walichokianzisha kiliitwa beni. Ilizaliwa Lamu na Mombasa miaka ya 1890. Watu wa mtaa mmoja walijikusanya, wakachangishana, wakanunua au kuazima ngoma kubwa, ngoma ndogo na tarumbeta, wakashona sare, wakachaguana vyeo, kisha wakatoka barabarani kwa hatua za kijeshi kwenda kuwaonyesha watu wa mtaa wa pili nani ni nani. Pwani mashindano ya ngoma yalikuwapo tangu zamani, baina ya mtaa na mtaa, ukoo na ukoo, kwa mashairi ya kejeli na karamu za kufilisi mtu. Beni iliyapa mashindano hayo nguo mpya. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi, hawa wa pili wakijiita kwa jina la askari wa Uskoti. Wanawake nao hawakubaki nyuma, kwani vyama vyao vya lelemama viliingia kwenye ushindani huo huo wa mavazi, nyimbo na heshima.

Beni ilipotelemka Tanga na Dar es Salaam ikagawanyika pande mbili ambazo majina yake yalikuja kujulikana nchi nzima: Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini hasa, makarani, watumishi wenye mishahara, watu wa nguo safi. Arinoti ndio waliokuwa na wapagazi, vibarua na watu wa bara waliohamia karibuni. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, mahakimu, maafisa wa kike, hata Kaiser na Bismarck walipewa nafasi. Palikuwa na daftari la wanachama, ada na faini. Mwanachama akiugua, aliuguzwa. Akifa, alizikwa na chama, na mazishi yenye bendi si sawa na mazishi ya mtu asiye na mtu. Mpagazi aliyetoka Unyamwezi akaangukia Dar es Salaam bila ndugu alikuwa na jenerali wa kumsimamia.

Ukisoma maandishi ya maafisa wa kikoloni juu ya beni utaona wengi waliichukulia kuwa ni uigaji, watu weusi wanajifanya Wazungu. Nadhani walikuwa wamekaa upande mbaya wa kiwanja. Mtu anayejipa cheo cha jenerali katika nchi ambayo hawezi kuwa hata luteni hachezi tu. Anajizoeza kazi. Wale watu walijifunza kupanga safari, kuweka hesabu, kuandikiana barua kutoka tawi hadi tawi, kupokea mgeni kwa sababu ya chama chake bila kujali kabila lake. Marini wa Tabora alipofika Dodoma alikwenda kwa Marini wa Dodoma. Mwaka 1919 Waingereza walishtuka kugundua upana wa mtandao huo, wakaulizana kwa barua kutoka Tanganyika hadi Kenya, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kama hii ni njama. Wakajijibu kwamba ni ngoma tu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyetoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, aliipa uzito wake unaostahili, na tangu hapo hakuna mtu makini anayeweza kuandika historia ya miji ya Afrika Mashariki akaipita.

Sasa rudi Rusizi, maana Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoisambaza beni, na vita hivyo vilipita hapa. Mwaka 1914 Wajerumani waliokuwa upande wa Rwanda walikiteka kisiwa cha Ijwi, katikati ya ziwa. Kwa mwaka mmoja na nusu wao na Wabelgiji walitazamana juu ya maji na kwenye kingo za mto. Aprili 1916 kikosi cha kusini cha Wabelgiji, kikiongozwa na Olsen, kilivuka Rusizi na kuitwaa Cyangugu, kama pembe yetu hii ilivyoitwa. Mwezi uliofuata kilikuwa Nyanza, na wenzao wa kaskazini walikuwa wameingia Kigali. Juni walikuwa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, Julai Kigoma, na Septemba 19, 1916 wakaingia Tabora. Askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliotembea njia hiyo yote walikuwa Wakongo, na nyuma yao walikuwa wapagazi wasiohesabika, watu wa Kivu, wa Rwanda, wa Burundi, waliobeba risasi na unga na wengi wao hawakurudi. Siku ya askari iligawanywa na tarumbeta: ya kuamka, ya chakula, ya kukusanyika, ya kulala. Kwa mpagazi hiyo ndiyo ilikuwa saa yake, alale au asilale.

Wabelgiji walikaa Kigoma hadi 1921. Katika miaka hiyo ya vita na ya baada ya vita, askari wa pande zote walichanganyika. Askari wa Wajerumani waliotekwa walitumikia kwa Waingereza, wapagazi wa Nyasaland walikaa na wapagazi wa Tanganyika, na kambini usiku watu walicheza kile walichokijua walio wengi, ambacho kilikuwa beni. Amani ilipokuja kila mtu alikwenda nayo kwao. Ilifika Nyasaland, ikafika Rhodesia ya Kaskazini, ikaingia Kongo, ambako miji ya madini ya Katanga iliipokea kwa moyo na watawala wa Kibelgiji wakaiwekea macho.

Pale ambapo shaba haikupatikana, watu waliiumba kwa vitu vya shambani. Kando ya Ziwa Nyasa, katika malipenga na mganda, ngoma zilizozaliwa na beni, vijana hutumia vibuyu. Kibuyu hukatwa, hutobolewa tundu ubavuni, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba wa buibui. Mtu akiimba ndani yake utando hutetemeka na sauti hutoka na mkwaruzo wa shaba kabisa. Vibuyu vikubwa huimba besi, vidogo huimba juu, ngoma kubwa hushika hatua, na kikosi kizima, kwa kaptula nyeupe na soksi ndefu, hupiga kwata ambalo sajini yeyote angelikubali. Bendi nzima ya jeshi, na hakuna hata gramu moja ya chuma iliyolipiwa ushuru. Huko Rhodesia ya Kaskazini beni ikazaa kalela ya migodini, ngoma ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya mwaka 1951 na kuifanyia uchunguzi unaosomwa vyuoni mpaka sasa.

Miaka ya 1930 beni ilianza kupungukiwa na vijana mijini. Gitaa, saksafoni na sahani za santuri ziliwavuta kwenye dansi. Wapigaji wa tarumbeta hawakupotea, walihamia kwenye bendi za dansi. Na baada ya uhuru majeshi yenyewe yakawa na bendi za aina zote mbili. Tanzania, polisi na jeshi walikuwa na vikosi vya shaba kwa ajili ya gwaride na pia bendi za dansi zilizopendwa na raia, kama Polisi Jazz na Mwenge Jazz. Mtu yule yule aliyepiga wimbo wa taifa mchana uwanjani angeweza kukuchezesha rumba usiku. Kenya nayo ilishika utaratibu wa kuitembeza bendera ya kikosi mbele ya rais kila Siku ya Jamhuri, Desemba 12, kwa mwendo wa pole kisha wa haraka, na umati wa Nairobi unaujua utaratibu huo hatua kwa hatua. Zanzibar hufanya gwaride lake la Mapinduzi Januari 12. Ulaya nako yapo maonyesho ya namna hii yanayovuta watu kutoka dunia nzima, kama lile la kasri la Edinburgh lililoanza rasmi mwaka 1950, lakini kule watu hukata tiketi kwa ajili ya muziki na mandhari. Kwetu watu huja kuhakikisha kwamba nchi ipo.

Kwa Rwanda, jeshi la kitaifa la kwanza kwa sura ya kisasa liliundwa mwaka 1960, Wabelgiji wakiwa bado wapo, na bendera ya uhuru ilipandishwa Julai 1, 1962 kwa wimbo wa taifa ulioitwa Rwanda Rwacu. Miongo mitatu iliyofuata sitaikalia sana. Magwaride yalikuwapo, tarumbeta zilikuwapo, na nchi ilikuwa inagawanywa huku zikipigwa.

Lakini mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 hapa Cyangugu lazima uyaseme. Katika mji wetu kuna uwanja wa Kamarampaka. Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisani walihamishiwa uwanjani humo kwa kisingizio cha kulindwa. Wakaanza kuitwa kwa orodha. Walioitwa waliuawa. Waliobaki walipelekwa mwezi Mei kwenye kambi ya Nyarushishi. Waliotakiwa kuwalinda ni watu waliovaa sare. Sare na nidhamu na safu zilizonyooka, vitu vyote vinavyopendeza kwenye gwaride, vilikuwapo pia katika kambi za jeshi za wakati ule, na nidhamu hiyo ilitumika kuua. Nayasema haya kwa sababu kumbukumbu ya bendi za kijeshi itakayoyaruka, hasa ikiandikwa Rusizi, haitakuwa na faida kwa mtu yeyote.

Jambo lingine ambalo wageni hawalijui: Julai 4, 1994, siku Kigali ilipokombolewa, Cyangugu ilikuwa haijakombolewa. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameingia kupitia Bukavu tangu Juni 23 na kuiweka pembe hii ya nchi ndani ya eneo lao, na yalikaa hadi Agosti 21. Kwa hiyo siku ambayo taifa zima linaadhimisha ni siku ambayo watu wa hapa walikuwa bado wanasubiri. Waliookoka wa Nyarushishi walisikia habari za ushindi wakiwa kambini. Bado tunaiadhimisha Julai 4 kwa moyo wote, kwa sababu bila ya ile hakuna Agosti, lakini wazee wanapoisikiliza bendi siku hiyo utawaona wametulia kwa namna yao.

Jeshi lililoshinda, RPA, halikuwa na shaba. Lilikuwa na nyimbo. Waliimba kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha ya kambini waliyotoka nayo Uganda, wakipiga makofi na kukanyaga chini, na nyimbo hizo za kutia moyo ndizo watu wazima wa leo wanazozikumbuka. Intsinzi ya Mariya Yohana bado inawasimamisha watu kila Julai. Bendi rasmi ilibidi ijengwe nchi ikiwa magofu, na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, maana mpiga tarumbeta hatengenezwi kwa mwezi. Midomo hujengwa kwa miaka.

Na kutoka ndani ya bendi hiyo likatoka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii ndefu. Serikali ilipotafuta wimbo mpya wa taifa, maneno yaliyochaguliwa yalikuwa ya Faustin Murigo, na muziki ulikuwa wa Kapteni Jean-Bosco Hashakaimana, mwanamuziki wa bendi ya jeshi. Rwanda Nziza ilianza kutumika Januari 1, 2002. Kila mtoto wa shule anayeimba asubuhi hapa Kamembe, kila mchezaji anayeweka mkono kifuani, anaimba sauti iliyotungwa na mtu wa bendi ya gwaride. Tangu Shangi, kwa zaidi ya karne, tarumbeta zilivuka Rusizi zikiwa na nyimbo za watu wengine: za Kaiser, za mfalme wa Ubelgiji. Ilichukua muda wote huo hadi mpiga bendi akaiandikia nchi wimbo wake.

Nilikwenda Kigali kwa Kwibohora, maadhimisho ya ukombozi, ya 30, mwaka 2024. Kutoka Kamembe basi huingia msitu wa Nyungwe, kona baada ya kona, kisha Huye, kisha mji mkuu, na abiria wengi siku ile walikuwa na bendera ndogo. Uwanja wa Amahoro ulikuwa umefunguliwa siku tatu tu kabla, baada ya ukarabati uliouongezea nafasi hadi watu 45,000. Watu waliingia mapema sana. Pembeni yangu alikaa mzee aliyesema alipiga ngoma ndogo ujanani, na alinifundisha kutazama.

"Usimwangalie wa mbele mwenye fimbo, mwanangu," aliniambia. "Mwangalie wa ngoma kubwa."

"Kwa nini, mzee?"

"Yule akikosea, jeshi zima linaanguka."

Nilimwangalia. Ngoma kubwa ilikuwa imelala kifuani mwake, ngozi mbili zikitazama kulia na kushoto, na marungu yake mawili yenye vichwa vya manyoya yalikwenda bila haraka. Kila pigo zito lilikutana na mguu wa kushoto. Mwendo wa haraka huwa ni hatua zipatazo 116 hadi 120 kwa dakika, yaani takribani hatua mbili kila sekunde, na mtu wa ngoma kubwa lazima aishike kasi hiyo bila kuongeza wala kupunguza hata umati unapopiga kelele, hata jua linapomchoma. Mzee akanionyesha shida yenyewe. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Askari aliye mita 100 kutoka kwenye ngoma huisikia kwa kuchelewa kwa karibu theluthi moja ya sekunde, na katika muda huo mguu umeshapita zaidi ya nusu ya hatua. Kikosi kirefu kikifuata sikio peke yake, mkia utakanyaga nyuma ya kichwa. Kwa hiyo aliye nyuma hufuata bega la aliye mbele yake, na masikio huyaachia kazi ya kumtia moyo. Miguu ya Amahoro ilianguka pamoja, na zege lilitikisika chini ya viatu vyetu sisi tuliokaa.

Amri zilitolewa kwa Kinyarwanda. Hapo mzee alinishika mkono. Mtu wa umri wake amesikia habari za amri za Kijerumani kwa babu yake, alizikuta za Kifaransa kwa Wabelgiji, amezisikia za Kiingereza baada ya 1994. Kusikia kikosi kizima kinageuka kwa lugha ya mama yake kulimfanya anyamaze hadi bendi ilipobadilisha wimbo.

Bendi hiyo hiyo, mwaka mzima, ina kazi nyingine zisizo na shangwe. Februari 1 ni siku ya Mashujaa. Aprili 7 inaanza Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, na wiki hiyo muziki wa furaha hukaa kimya nchi nzima. Tarumbeta inayosikika wakati wa kuweka mashada husikika peke yake, polepole, na mpigaji hana ngoma ya kumsaidia wala mwenzake wa kufunika pumzi yake ikitetemeka. Mimi huamini kwamba bendi hupimwa Aprili kabla ya Julai. Siku ya furaha kelele husitiri kosa.

Beni ya mitaani nayo haijafa. Zanzibar ipo, na bendi ya Mbwa Kachoka ndiyo inayojulikana zaidi: ngoma, tarumbeta zilizochakaa, nyimbo za kuchekesha harusini, na watu wanaofuata nyuma wakicheza. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufungua kwa maandamano ya barabarani ambamo beni hutangulia. Hakuna anayehesabu hatua pale. Mabibi wa kanga, vijana na wageni hutembea pamoja kwenye vichochoro, na ukiwa umetoka kwenye gwaride la jeshi utaitambua ngoma kubwa mara moja, kwani bado inauangukia mguu wa kushoto.

Lililobaki ni majina. Kapteni Hashakaimana tunamjua. Lakini zile picha za bendi ya askari wa Dar es Salaam nyingi hazina majina chini yake, isipokuwa la mwalimu Mjerumani pale alipoandikwa. Majenerali wa Marini na Arinoti wametajwa wachache. Waliopuliza tarumbeta katika Force Publique, upande huu wa mto na upande wa Kambi Saio kule Bukavu, watoto na wajukuu wao wako hai na wanakaa miongoni mwetu. Baadhi wana picha ukutani, wengine wana mdomo wa tarumbeta uliobaki ndani ya sanduku. Maktaba za shule, misikiti, parokia na ofisi za sekta zinaweza kuanza kazi hii bila kusubiri bajeti ya mtu: daftari moja, simu ya kupigia picha, na kijana anayejua kukaa na mzee mpaka amalize. Kamembe, Bugarama na Bukavu ndipo pa kuanzia, na wazee wanaoweza kuwataja wenzao kwa majina na kwa chombo alichopiga kila mmoja wanapungua kila mwaka.